Mama Alipokuwa Simba kwa Wiki Tatu

Nianze kwa kukiri, maana mwalimu wetu wa Kiswahili hapendi msomaji azungushwe: mimi ndiye niliyemgeuza mama yangu mzazi kuwa simba. Sikutumia uganga. Nilitumia penseli, raba na Jumamosi moja ya likizo ya Agosti ambayo sikuwa na la kufanya.

Mama ni mpishi. Hakusomea popote. Alizaliwa Bodo, na kwa maneno yake, huko mtoto wa kike akikaa wima tu hupewa nazi akune. Ukisikia arusi yoyote kutoka Msambweni hadi Ukunda, basi pilau ya arusi hiyo kaipika yeye, au kaipika mwingine na watu wakaulizana, "Yule mama leo kafanya nini hakuja?" Lakini kupika arusini si kuandikwa, na Mama alitaka kuandikwa. Alitaka kazi yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, aproni yenye nembo, na barua. Hasa barua. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, Mungu amrehemu, nyumbani tukabaki Mama na mimi. Kila alipopita mtu na sare ya kazi, Mama alimtazama vile mimi ninavyotazama kuku wa kukaanga aliye kwenye sahani ya mtu mwingine.

Mwaka ule hoteli nyingi za Galu na Diani zilikuwa kimya. Mwaka uliotangulia kulikuwa na fujo kati ya watu wa hapa na watu wa bara, wageni wakakimbia, kisha ikaja mvua iliyonyesha mpaka vyura wenyewe wakachoka. Hoteli moja ya Galu ilipofungua tena milango yake, iliandika watu wapya, nusu watu wa hapa na nusu watu wa bara. Baada ya yale yaliyopita, walitazamana kama shule mbili zilizokutana uwanjani kabla ya mpira kuanza. Hakuna aliyemtusi mwenziwe. Kila mtu alikuja na adabu mpya kabisa, bado imo ndani ya karatasi yake ya dukani.

Mama alichukuliwa kupika chakula cha wafanyakazi, kwa mwezi mmoja wa kujaribiwa. Mwisho wa mwezi, aliyeelewana na wenziwe angepata barua. Asiyeelewana angerudisha aproni, ahsante na kwaheri.

Basi kulikuwa na afisa wa wafanyakazi. Msichana mzuri wa watu, kutoka Nairobi, mwembamba kama mlingoti wa bendera, mwenye moyo mwema na faili nyingi. Alikuwa ameambiwa kwenye mafunzo fulani kwamba mfanyakazi mgeni huizoea timu yake upesi kama wenziwe wanajua tabia yake. Akatengeneza karatasi. Maswali arobaini kwa Kiingereza, na mbele ya kila swali visanduku vitano, kutoka "sivyo kabisa" mpaka "ndivyo kabisa", na "kiasi" katikati. Ukimaliza, yeye anahesabu alama na kukwambia wewe ni mnyama gani kati ya wanne: simba, kasuku, nyuki au kobe. Unapewa beji yenye picha ya mnyama wako, uivae kifuani, ili wenzako wajue wanaishi na kiumbe gani.

Karatasi zikatolewa Ijumaa, wakajazie majumbani. Kwa penseli, ili mtu akikosea afute. Hilo la penseli ndilo kosa la afisa. Mengine yote ni yangu.

Jumamosi alasiri Mama akakaa kwenye mkeka na karatasi yake. Pembeni alikaa Mjomba, ambaye si mjomba wangu wa damu, ni rafiki ya marehemu baba, naye alikuwa ameandikwa hoteli hiyohiyo kutunza bustani. Mimi, msomi wa kidato cha pili, nilikalia kiti ili nionekane.

"Swali la kwanza," nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa habari. "Je, wewe ni mchapa kazi?"

Mama akanitazama. "Wameniita kazini hawajui?"

"Mama, chagua. Sivyo kabisa, sivyo, kiasi, ndivyo, ndivyo kabisa."

"Andika kiasi."

"Kiasi? Wewe unayeamka ukamwamsha jogoo?"

"Sasa nijisifu mwenyewe, sina watu? Andika kiasi."

"Na mimi kiasi," akasema Mjomba, ambaye wakati huo alikuwa amelala ubavu.

"Wewe Mjomba ni kiasi kweli."

Mama akanipiga jicho. Nikasonga mbele.

"Ukiwa na wenzako, wewe hupenda kuongoza?"

"Astaghfirullahi. Kiasi."

"Je, una hasira za haraka?"

"Nani kasema nina hasira?" Mama akang'aka. "Nani? Mtaje!" Kisha akatulia, akapanga leso yake. "Andika kiasi."

Tulipofika swali la kama yeye ni mwaminifu, Mama nusura ainuke. "Mtu mzima anaulizwa neno kama hilo? Na mtoto wake anasikia?"

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali atadhani mama yangu ni mgumu. Kwetu mtu haulizwi habari zake. Watu wakitaka kuposa, hawamwendei binti wakamwuliza, "Je, una tabia njema?" Nani atajibu hapana? Hutumwa shangazi mmoja mwenye mwendo laini, akapita kwa jirani wa kulia, akapita kwa jirani wa kushoto, akaenda dukani kununua kiberiti asichokihitaji, na kila mahali anauliza neno moja tu, polepole. Akirudi kwao anajua mpaka vile unavyokunja mkeka. Kusimama mwenyewe ukasema "mimi ni hodari, mimi ni mwaminifu" ni kazi ya yule bwana wa sokoni Ukunda anayeuza dawa ya panya.

Basi maswali arobaini yakajibiwa, na majibu arobaini yakawa kiasi. Wakaenda kuswali. Mimi nikabaki na karatasi mbili.

Ya Mjomba nikaiacha. Ile ya Mama nikaitazama vizuri. Mstari mmoja wa alama katikati, juu mpaka chini, kama barabara ya Lungalunga. Nikajiambia, hii ni karatasi ya maiti. Wakiisoma hii, watadhani wamemwajiri mtu asiyekuwepo. Nikachukua raba.

Naapa nilianza kwa nia njema. Mchapa kazi: ndivyo kabisa. Mwaminifu: ndivyo kabisa. Kisha utamu ukanikolea. Hupenda kuongoza? Nikakumbuka anavyomwongoza jirani kupanga kuni za jirani mwenyewe. Ndivyo kabisa. Husikiliza maoni ya wengine kabla ya kuamua? Nikajipapasa kichwa, pale nywele zangu za mtindo zilipokuwa kabla Mama hajaamua kuzinyoa siku moja saa nne asubuhi. Sivyo kabisa. Hufurahia mazungumzo marefu kazini? Nikakumbuka "nyamaza nipike". Sivyo kabisa. Hukasirika haraka? Nikachora alama nzito mpaka penseli ikavunjika ncha.

Nikacheka peke yangu ukumbini. Nilijiona mwerevu kupita watungaji wa mitihani.

Wiki iliyofuata Mama akarudi na beji.

"Wamenipa paka," akasema.

"Paka?"

"Paka mwenye nywele nyingi. Hebu tazama."

Alikuwa simba, nami nikamwacha na paka wake. Mjomba alikuwa kobe, na siku hiyohiyo alipita kwetu kunieleza kwamba karibu watu wote wa hapa ni makobe. Kumbe kila nyumba ilikuwa imejibu kiasi, kiasi, kiasi. Watu wa bara nao, wenye desturi ya kusema mbele ya mwajiri "naweza" hata kabla hawajaulizwa nini, walikuwa wamejaza ndivyo kabisa juu mpaka chini, wakatoka simba na kasuku. Nyuki walikuwa wachache, wengi wao wa ofisini. Katika makobe wote wa Pwani, simba alikuwa mmoja, na alikuwa mama yangu.

Sasa, kama ingekuwa beji tu, ningeishi kwa raha. Lakini penye mlango wa jiko palibandikwa maelezo kwa Kiswahili safi, na kila mfanyakazi alitakiwa ayashike. Mjomba aliyajua kwa moyo; Mama aliyapita tu, maana hamkuwa na paka. Kasuku, msifu mbele za watu. Nyuki, usiguse vitu vyake. Kobe, usimharakishe. Simba, mwambie jambo kwa ufupi, usimzungushe, usimpotezee muda kwa habari za nyumbani.

Mjomba alinenepa na beji yake. Msimamizi wa bustani, kijana wa bara, alipomwambia apunguze maua ya uzio wote, alijigusa kifuani tu pale penye kobe. "Soma, mwanangu." Kijana akasoma, akaondoka. Mjomba akakata tawi moja asubuhi na tawi moja alasiri, na katikati akapumzika ili lile la asubuhi lisimchoshe.

Mama hakuwa na bahati hiyo. Mpishi mkuu wake alikuwa bwana mmoja mrefu kutoka bara, mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito. Siku ya kwanza, kabla ya mabeji, alikuwa amemsalimu Mama vizuri: habari ya asubuhi, umeamkaje, watoto wako aje. Mama akarudi amefurahi. "Ni mtu wa watu," alisema. "Kiswahili chake kina mawe lakini moyo hauna."

Mabeji yakatoka. Kesho yake mpishi mkuu akaingia jikoni, akasimama mbele ya Mama, akasema, "Mama. Vitunguu." Akapita.

"Labda alikuwa na haraka," nikamwambia Mama jioni hiyo.

"Haraka ya kutotaka kujua kama nimeamka mzima? Ningekuwa nimekufa nimesimama, angesema 'Mama, vitunguu', akapita zake."

Kesho yake ikawa "Mama. Wali." Siku ya tatu, "Mama. Moto punguza." Na hakuwa yeye peke yake. Mhudumu akija kuchukua sahani, "Sahani." Msichana wa kufua akileta mataulo ya jikoni, "Mataulo." Hata askari wa lango, mtu wa kwao Shimba Hills anayejua adabu zote za huku, alimfungulia akasema, "Pita."

Mama naye ni mtu. Hukumsalimu, hatakusalimu, lakini atahakikisha umejua kwamba hakukusalimu. Jiko lile likawa kama ofisi ya kupelekea simu za maandishi.

"Chumvi."

"Ipo."

"Ugali."

"Bado."

"Lini?"

"Ukiiva."

Na wao wakazidi kusadiki. Mjomba alinisimulia kwamba mpishi mkuu aliwaambia wenziwe, "Hii karatasi imeweza. Huyu mama ni simba wa kweli, hata salamu hataki." Mjomba alicheka sana akisimulia. Mimi nikacheka pia, ila kicheko changu kilikwama mahali kama mwiba wa samaki.

Wiki ya tatu ya beji, Jumatano, nikamkuta Mama uani anafua aproni. Aliifua kwa mkono, akaianika, ilipokauka akaipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Kisha akaikunja, akaifunga ndani ya gazeti.

"Ya nini?" nikauliza.

"Ijumaa mwezi unakwisha. Sitangoja waniambie. Nairudisha mwenyewe."

"Mama! Na barua je?"

"Wabaki nayo." Alikuwa hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha, Mama bila hasira ni kama chai bila maji. "Mimi sikai mahali nisiposalimiwa. Nimewapikia kwa roho safi. Ugali wao nimejifunza, mkono huu umevimba. Lakini hawanitaki. Mimi ni mtu wa hapa, wao ni watu wa bara, yale ya mwaka jana hayajawatoka. Basi."

Hapo kicheko kikaisha chote. Ilinipasa niseme palepale: Mama, si wao, si mwaka jana, ni mimi na raba. Mdomo nikaufungua. Lakini mkono wake wa kuume ulikuwa umeshika mwiko, maana alikuwa akienda kukoroga maharagwe, nami nina uzoefu wa miaka mingi na mwiko ule. Nikafunga mdomo. Niliamua kwenda kukiri kwa mtu asiye na mwiko.

Alhamisi asubuhi, Mama alipokwisha kwenda, nikavaa shati la shule na kwenda hotelini kwa miguu. Kwenye lango la wafanyakazi askari akanizuia.

"Wapi?"

"Namtaka afisa wa wafanyakazi."

"Una miadi?"

"Nina dhambi."

Akanitazama juu mpaka chini, akafungua.

Afisa alikuwa mezani amezungukwa na faili. "Shikamoo," nikasema.

Akashtuka. "Marahaba. Ngoja, mimi ni mzee hivyo?"

"Hapana. Nimekuja kuomba msamaha, naanza mapema."

Nikamweleza yote: mkeka, kiasi, raba, nywele zangu, mwiko, aproni iliyo ndani ya gazeti. Alifungua kabati, akatoa karatasi ya Mama, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alama zilizofutwa zilionekana vizuri, arobaini, zimelala katikati kama vivuli.

"Na ya huyu mzee wa bustani?"

"Ile ni yake mwenyewe. Nilitafsiri tu."

Akatoa nyingine, na nyingine, akazipanga mezani. Zote zilikuwa na ile barabara moja ya katikati.

"Na mimi nimeandika ripoti," akasema polepole, "kwamba watu wa Pwani kwa tabia yao ni wapole na hawana haraka."

"Mjomba ndiye asiye na haraka. Wengine wana adabu."

"Sielewi."

"Nani atajisifu mbele ya karatasi?" Nikamweleza habari za posa, shangazi mwenye mwendo laini, jirani wa kulia na jirani wa kushoto, kiberiti. Alinisikiliza huku akitafuna kalamu. Nilipomaliza akaitazama saa yake, akaitazama karatasi ya Mama, akainuka.

"Twende. Wewe ndiye utasoma maswali."

"Wapi?"

"Jikoni."

"Mama yumo jikoni!"

"Ndiyo."

Nikamwuliza kama ningeweza kusomea nje, dirishani. Akakataa.

Ilikuwa karibu saa nne. Sufuria kubwa la wali lilikuwa motoni. Mama aliponiona na shati la shule alisimama kama aliyeona mzigo wake ukienda na basi lisilo lake. "Wewe! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama," nikasema. Hapa ndipo pabaya.

Afisa akawakalisha Mama na mpishi mkuu kwenye benchi moja, kila mmoja pembezoni kabisa, katikati pangekaa familia. Akasema ana maswali machache, ila leo hamwulizi mtu juu ya nafsi yake. Anamwuliza jirani. Mama aliposikia neno jirani, akatulia kidogo, akajua shughuli hii ni ya namna gani. Akavuta leso. Mpishi mkuu akavua kofia.

"Je, mama huyu ni mchapa kazi?" nikasoma.

"Ndivyo kabisa," akasema mpishi mkuu. "Hakuna ingine juu ya hiyo kabisa?"

Mama akatazama sakafu, kama binti anayeposwa.

"Hupenda kuongoza wenziwe?"

"Haongozi. Lakini juzi alitoa visu kwa huo ukuta akaweka kwa huu, hakuuliza mtu. Sasa sisi wote tunavitafuta hapa, na tunavipata."

"Husikiliza maoni ya wengine?"

"Nilimwambia nazi imezidi. Akaongeza ingine."

"Haikuwa imezidi," Mama akaiambia sakafu.

"Je, ni mtu mchangamfu, mwenye kujali wenziwe?"

Mpishi mkuu akaizungusha kofia mikononi. "Hapo," akasema, "nitasema ukweli, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa. Hapo sivyo. Wiki mbili sasa mtoto wangu mdogo ako na malaria, huko nyumbani. Naingia hapa asubuhi na hiyo kitu kwa roho. Hakuna siku mama ameniuliza watoto wako aje."

Mama akainua uso. "Mtoto ana malaria?"

"Ndio."

"Wiki mbili? Nawe upo hapa unaniambia 'Mama, vitunguu'?"

"Sasa ningesemaje?"

"Ungesema mtoto anaumwa!"

"Na imeandikwa usipotezee simba muda na habari za nyumbani!"

"Simba nani?"

"Wewe!"

Mama akajitazama kifuani. Akaishika ile beji kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. "Huyu si paka?"

"Ni simba, mama. Kwa karatasi yako. Ulijaza hupendi mazungumzo."

"Mimi? Mimi nilisema kiasi! Yote arobaini nilisema kiasi!"

Jiko lote likageuka. Wahudumu, msichana wa mataulo, kijana wa kuosha vyombo. Macho yalinifikia moja baada ya jingine, ya Mama yakawa ya mwisho. Bila kuyaondoa kwangu akanyoosha mkono nyuma, na mkono huo, bila kutafuta, ukaupata mwiko.

Nikajificha nyuma ya afisa. Nilikwisha kusema alivyo mwembamba: nilijificha robo tu.

Nashukuru Mungu kwa malaria, asamehewe anayesema hivyo, kwa sababu Mama alikuwa na la muhimu kuliko mimi. Aliuweka mwiko benchi, akasogea kwa mpishi mkuu mpaka ile nafasi ya familia ikaisha. "Haya, nieleze. Homa ilimpata lini? Anakula? Amepewa dawa gani?"

Na wakaanza. Sijapata kusikia salamu kama zile. Walikuwa na wiki tatu za kulipana. Aliulizwa mtoto mgonjwa, ambaye alikuwa ameanza kunywa uji, alhamdulillahi. Wakaulizwa watoto wazima. Akaulizwa mke, mama mkwe, ng'ombe. Mpishi mkuu naye akauliza: umeamkaje leo, na jana je, na ule mkono wa ugali? Msichana wa mataulo akaja kushika mkono wa Mama akasema "shikamoo mama, aki nisamehe". Nyuma yake wakafuata wahudumu, mmojammoja, kama siku ya Idi. Mama alimwuliza kila mmoja habari za kwao, na wale waliotoka karibu na Mackinnon Road aliwauliza hata mvua.

Wa kwanza kunusa alikuwa kijana wa kuosha vyombo. "Mama," akasema, "wali."

Safari hii hakuna aliyelaumu ufupi wake.

Chini wali wote ulikuwa ukoko. Siku hiyo wafanyakazi wa hoteli walikula kwa kukwangua, na watu wa bara, ambao kwao chakula kilichoungua hutupwa, walifundishwa na makobe kwamba huo ndio utamu wenyewe. Walibishana kantini mpaka kengele ikalia, kwa sauti kubwa, mara ya kwanza bila adabu hata kidogo.

Afisa alikusanya mabeji yote alasiri hiyo. Tangu hapo mfanyakazi mgeni akiingia, haulizwi tabia yake. Anafanya kazi wiki mbili ubavuni mwa mtu asiye wa kwao, kisha anaulizwa yule jirani. Habari za Mjomba aliulizwa yule kijana msimamizi wa bustani, nami niliitwa kusoma maswali. Swali la kama ni mchapa kazi lilijibiwa "sivyo kabisa" kabla sijalimaliza. Sasa anakata uzio mzima kwa siku, na tukikutana njiani husalimu watu wote niliofuatana nao isipokuwa mimi.

Adhabu yangu siisimulii. Jueni tu kwamba wiki nzima nilikula nimesimama.

Ijumaa Mama alikwenda kazini na gazeti lake kwapani, akalifungulia kulekule, akavaa aproni. Jioni akarudi na bahasha. Akakaa kwenye mkeka, akaninyooshea.

"Soma."

Ilikuwa ya Kiingereza. Nikasoma kimoyomoyo, nikasema, "Mama, umeandikwa! Kuanzia mwezi ujao. Mpishi wa kantini, wa kudumu."

Hakutikisika. "Soma tena. Na usiongeze neno."

Nikasoma tena. Akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja, akavaa buibui. Akaenda kwa binti wa jirani aliye kidato cha nne, akasomewa. Akaenda kwa mwenye duka. Akasomewa, akanunua kiberiti. Asubuhi yake akaipeleka mpaka jikoni, mpishi mkuu akavua kofia na kumsomea kwa sauti ile ya kanisani, mbele ya watu wote.

Ndipo aliporudi nyumbani, akaiweka barua juu ya kabati, akaniambia, "Kumbe ni kweli, nimeandikwa." Kisha akanyoosha kiganja, nami nikampa penseli na raba bila kuulizwa.